Madumu Mawili

Alfajiri, Mkigo. Chai ya rangi, vijiko vinne,
andazi moja na nusu, nusu ya pili kala mbwa.
Nafunga madumu kwa mpira wa tairi kuukuu,
lita arobaini za mawese nyuma ya tako langu,
naondoka kabla jua halijaniuliza jina.

Kwenye tambarare mwili ni bahili.
Unachota mafuta ya kiunoni kidogo kidogo,
kama mama apimavyo mawese kwa kifuniko cha soda
akijua mteja ni wa mkopo.
Pumzi zinatosha. Napiga mluzi.

Kisha kilima.

Mluzi unakatika wenyewe.
Mafuta ni moto wa gogo, yanataka hewa, yanataka subira,
na kilima hakina subira na mtu.
Paja linalipigia ini kelele: leta!
Ini linafungua ghala,
wali wa jana, andazi, vile vijiko vinne,
vyote vinawaka fyuu
kama makapi ya chikichi yakitupwa jikoni:
mwali mkubwa, na ukigeuka, majivu.

Siku moja nilikwisha katikati ya kilima.
Sisemi nilichoka. Kuchoka nakujua, tunaishi pamoja.
Nilikwisha.
Magoti uji, macho ukungu, jasho la baridi,
na nguvu lita arobaini zimefungwa palepale kwenye kariea.
Nikakaa kando ya lami
kama mlinzi mwenye njaa kwenye ghala la watu.
Mama mmoja, jina lake sikuuliza,
akanikatia muwa, pingili mbili.
Nilitafuna. Nikasimama.
Hata kanga yake sikumbuki ilikuwa ya rangi gani.

Butoyi, pacha wangu, hajawahi kusukuma kitu kilimani.
Tulizaliwa usiku mmoja, mimi Bukuru mbele, yeye nyuma.
Tukiwa darasa la sita akaanza kunywa maji,
mtungi mzima, na usiku kutoka nje mara tano,
anakula kuliko mimi, na sare inamkimbia mwilini.
Mama akasema minyoo.
Jirani akasema kuna mkono wa mtu.
Pumzi yake ikawa inanukia nanasi lililolala,
nami, mjinga, nikamuuliza
amelificha wapi.

Daktari wa Maweni alituchorea kwenye boksi la dawa
nyumba, mlango, kufuli.
"Sukari imejaa barazani," akasema,
"inabisha hodi, hakuna wa kuifungulia.
Walio ndani wana njaa. Wanachoma dari,
wanachoma vitanda, mafuta yote ya huyu mtoto,
haraka, ovyo, usiku na mchana.
Hilo nanasi mnalolisikia
ni moshi."

Mama alilitazama lile boksi muda mrefu.
Kisha akaliomba, akaenda nalo nyumbani.

Sasa ufunguo unakaa kwenye chupa ndogo,
chupa kwenye chungu chenye mchanga wa maji,
chungu chini ya kitanda, mbali na joto.
Butoyi anajidunga bila kukunja uso,
anahesabu ugali kwa vijiko kama mhasibu,
na kibuyu cha asali, zawadi ya shemeji wa Tabora,
anakinusa tu, anakirudisha rafuni.

Mimi kilimani nachoma mafuta yangu kwa hiari.
Yeye aliyachoma kitandani, amelala.
Hili silielewi bado, na nimelipandia kilima mara nyingi.

Mjini nauza dumu la kwanza: unga, sabuni, madeni.
Dumu la pili sigusi hela yake.
Naiingiza duka la dawa ikiwa bado inateleza mawese,
natoka na chupa ndogo mfukoni,
naendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeishika.

Jioni ananisubiri mlangoni.
"Unanuka mawese," anasema, "kaa mbali."
Sikai mbali.
Namsogelea kama namnong'oneza kitu,
navuta pumzi yake kimyakimya.
Haina harufu yoyote.